Mikono ya Tunu kwenye Picha za Kondo

Shangazi yangu Tunu hajachoma waya hata mmoja tangu mumewe azikwe. Naanza na hilo kwa sababu kwenye barua waliyobandika mlangoni wameandika kwamba kituo chake kimefungwa "kwa kukiuka mwongozo wa mazingira", na kila anayepita kwenda kisimani anaisoma. Wanasoma, halafu wanageuka kumtazama. Mie shule niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua na macho ninayo. Nimeyaona yote toka siku ya kwanza.

Sie tunakaa Mbagala kwa nyuma kabisa, mtaa unaoitwa Kwa Mbiku, pale bonde linaposhuka kwenda kwenye kijito. Kazi ya bonde letu toka zamani ni vyuma chakavu. Zinaletwa kompyuta zilizokufa, simu, redio, feni, chaja za kila namna, na watu wa bondeni wanazifumua. Ndani yake kinachotafutwa zaidi ni shaba. Shaba inakaa kwenye waya, na waya umevaa plastiki. Kuuvua hiyo plastiki kuna njia mbili. Ya kwanza unarundika nyaya, unatia kiberiti, unahamia upande upepo unakotokea, robo saa umemaliza. Ya pili unashika wembe, unachana waya mmojammoja toka kichwa mpaka mkia, halafu unaumenya kama muhogo. Rundo ambalo moto unalimaliza kwa robo saa, wembe unalimaliza kwa siku mbili.

Mumewe, marehemu Suleiman, alikuwa mtu wa kiberiti. Alichoma miaka kumi na moja. Moshi wa waya si kama wa kuni. Ni mweusi, mzito, una utamu fulani wa kutia kichefuchefu, na ukishaingia kifuani hautoki. Mwishoni alikuwa analala amekaa, mgongo ukutani, maana akilala chali pumzi inakata. Alipokufa, shangazi alikaa eda miezi minne na siku kumi. Siku aliyotoka eda alibeba ndoo ya maji mpaka kwenye shimo la kuchomea la mumewe, akalimwagia, akalifukia kwa jembe, juu yake akatandika gunia. Akakaa na wembe.

Wanaume wa bondeni walimcheka mwaka mzima.

"Wee Tunu, huo waya unauchuna au unaunyoa ndevu?"

"Mwacheni mjane apoteze mawazo."

Aliyekuwa akiwajibu ni Hamida, jirani yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, ambaye alikuja kukaa naye kwenye gunia kabla ya wote. "Njoo nikunyoe wewe," anawaambia, "maana hizo zako hata mbuzi anazionea haya." Baadaye akaja Naima pia, binti mpole aliyeachwa na mume. Wakawa watatu. Wakajenga kibanda cha mabati juu ya shimo lilelile.

Sheria za shangazi ni mbili tu. Waya hauchomwi. Na betri hailali juu ya mwenzie, inatiwa kwenye ndoo ya mchanga, mchanga kwanza, betri, mchanga tena, kwa sababu betri za simu zikigusana zinaweza kuwaka zenyewe. Ukivunja sheria unaondoka, hata uwe ndugu. Niliwahi kumwona anamfukuza mtoto wa dada yake kwa chaja moja aliyoichoma nyuma ya choo.

Miaka tisa wamekaa hivyo. Kisima cha mtaa kiko hatua sitini chini ya kibanda, na maji yake yalikuwa yananyweka.

Sasa mwaka juzi akaja afisa wa mradi, jina lake Revelian, mtu wa Bukoba, mrefu, shati limenyooka, kishikwambi kwapani. Alikuwa na adabu, hilo sitalificha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu, ila usikanyage hapo, vioo hivyo."

Akaruka vioo, akachuchumaa. Akasema nchi inahama.

"Inahamia wapi tena?" akauliza Hamida.

"Kwenye mtandao, mama. Ofisi zote, shule, zahanati, kila kitu mifumo. Karatasi basi."

"Haya, karatasi basi. Na hizo kompyuta zikifa mnazika wapi?"

Afisa Revelian akacheka mpaka akakaa chini kabisa, suruali yake nyeusi kwenye vumbi. "Ndicho kilichonileta," akasema.

Alikuja siku tatu mfululizo. Aliuliza kila kitu na shangazi alimjibu kila kitu. Kwa nini wembe mpya kila asubuhi. Kwa nini mchanga wa mtoni na si udongo. Kwa nini vioo vya kompyuta za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, havivunjwi kabisa. Afisa anaandika, anapiga picha. Shangazi alifurahi. Huwa hafurahi hovyo, lakini siku ile ya tatu alimpikia afisa wali wa nazi, na yeye mwenyewe akala amesimama, anamtazama mtu anayeandika maneno yake.

Baada ya mwaka mwongozo ukatoka. Tuliitwa ofisi ya mtaa, watu wamejaa mpaka nje, afisa akausoma kwa sauti. Ofisi zote na shule zitakabidhi vifaa chakavu kwa vituo vya mitaani, lori litavileta bure. Waya hautachomwa, utachunwa kwa mkono. Betri zitahifadhiwa kwenye mchanga kwa tabaka. Vioo vya aina fulani havitavunjwa. Yaani kila mstari ni shangazi yangu anaongea, ila kwa Kiswahili cha wavaa tai. Na juu ya jalada mikono yake, inachuna waya. Uso haupo. Naima alilia. Hamida akamshika shangazi mkono akaunyanyua juu kama bondia, watu wakapiga makofi, na wale wale wa "unaunyoa ndevu" wakapiga makofi pia.

Kifungu cha mwisho kilisema atakayeruhusiwa kupokea ni aliyesajiliwa kwenye mfumo tu. Na asiyesajiliwa akikutwa na kifaa chakavu, hata simu moja, ni kosa.

Kusajiliwa kunataka kidole.

Wiki iliyofuata akaja kijana wa kusajili, na kidude chake chenye taa nyekundu. Kitambulisho cha taifa shangazi anacho, alikipata zamani. Akaweka kidole gumba.

"Weka tena, mama."

"Nimeweka."

"Bonyeza."

"Nikibonyeza zaidi utanidai kidude chako."

Akaweka cha shahada. Akaweka cha kati. Vyote kumi. Kijana akamwambia anawe kwa sabuni, akanawa. Hamida akaleta limau, akaleta mafuta ya nazi. Ukimtazama shangazi vidole kwa karibu utaona vimeng'aa, havina mistari, vimekuwa kama vijiko. Miaka tisa ya wembe na waya imekula mistari yote.

"Kinaniambia hakuna mtu," akasema kijana.

"Hakuna mtu!" Hamida akasimama. "Kigeuze kitazame vizuri. Huyu si ndiye aliye kwenye jalada?"

"Mama, mimi sijui jalada. Mimi najua kidole."

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea wote.

Kwetu mwanamke akifiwa, nduguze mume wanamteua mtu wa kumsimamia. Suleiman alipofariki wazee walimteua mdogo wake, Kondo. Tangu hapo jambo lolote la ofisi analisemea Kondo. Kibali cha mazishi alikwenda Kondo, karatasi ya kiwanja alikwenda Kondo. Hata laini ya simu ya shangazi imesajiliwa kwa kidole cha Kondo, kwa sababu wakati ule pia vidole vyake vilikwishaanza kukataa. Hakuna aliyeona ubaya. Shemeji ni shemeji. Kwa hiyo kijana wa kidude alipouliza, "Hakuna mtu wa familia?", shangazi mwenyewe ndiye aliyetuma mtu akamwite.

Kondo akaja na kofia yake ya kushonwa kwa mkono, ananukia udi. Akaweka gumba. Tii! Taa ikawa ya kijani.

"Umeona, shemeji?" akasema. "Kidole cha ukoo."

Tukacheka. Tukanunua soda. Kwenye mfumo ikaandikwa: kituo ni kibanda cha bondeni Kwa Mbiku, mmiliki ni Kondo. Kijana alisoma kwa sauti, sote tukasikia, na hakuna aliyesema ng'o.

Tukasubiri lori.

Mwezi ukaisha, wa pili ukaisha. Shangazi alikwishapanua kibanda, ameongeza ndoo nne za mchanga. Kila akimuuliza Kondo, jibu ni "wanapanga ratiba". Ila jambo moja Kondo alianza kulifanya ambalo zamani hakuwa nalo. Kila Ijumaa akitoka msikitini anapita kibandani kusalimia, kanzu nyeupe, simu mkononi.

"Shemeji, chuna kidogo nikuone. Hamida, nawe shika waya. Naima mwanangu, sogeza hiyo ndoo ya mchanga ionekane vizuri."

"Picha za nini kila wiki?" Hamida akamuuliza. "Unatutafutia wachumba?"

"Za maendeleo, Hamida. Wewe mchumba ukimpata ataomba kuhama mji."

Walikuwa wanataniana hivyo. Mie nilikuwa natazama simu yake. Hakuwa anapiga nyuso. Alikuwa anashusha simu mpaka ibaki mikono na ndoo, anasubiri ile simu itoe mlio, kisha anaaga haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Na moshi ukaanza. Si karibu, ni kule chini bonde linapokunja kona, kwenye kiwanja cha Kondo ambacho miaka yote kilikuwa na mihogo tu. Mchana kweupe, mweusi tii. Kwanza tulidhani matairi. Lakini ule utamu wake tunaujua. Shangazi alikuwa anaacha wembe, ananyanyua pua, anakaa hivyo, halafu anaendelea.

Siku moja nimekwenda kisimani nikaona lori. Limeandikwa ubavuni jina la mradi, lina picha ya jani. Halikupanda kwetu, lilikata kulia kwenda kwa Kondo. Nikalifuata mpaka kwenye ua wa michongoma. Walikuwa wanashusha kompyuta za mashule, nyingine bado zina karatasi ya jina la shule imebandikwa kwa gundi, na vibao vyake vya kubonyezea herufi vimefungwa kwa kamba kama kuni. Vijana watatu wanazipasua kwa nyundo, vioo na vyote, nyaya wanazitupa kwenye moto. Majivu wanayasukuma kwa koleo kijitoni. Maji ya kijito yalikuwa na ngozi juu, ya rangirangi.

Mie si mtu wa kusema. Lakini hilo nilimwambia shangazi.

Shangazi alivaa khanga ya pili, akashuka. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya ule moto mpaka Kondo akatoka kivulini.

"Hizi ni zangu," akasema shangazi.

"Ni za kituo, shemeji."

"Kituo si mie?"

"Kituo ni wewe, ndiyo, nani amekataa? Lakini tazama mzigo huu. Tani tatu! Utauchuna kwa wembe mpaka lini, kiama?"

"Mwongozo unasema hauchomwi."

"Mwongozo ni wa mfumo," Kondo akasema, taratibu, kama anamfundisha mtoto, "na mfumo umeridhika. Nenda kaulize."

Basi akaenda kuuliza. Jumatatu asubuhi, ofisi ya mradi, ghorofa ya kwanza, nami nyuma yake. Afisa Revelian alisimama alipomwona, akamvutia kiti. Shangazi akaeleza yote. Afisa akachukua kishikwambi, akapekua, uso ukamfunguka.

"Mama, mbona kituo chenu kiko vizuri sana? Kijani kabisa. Miezi mitatu hamjakosa wiki." Akamgeuzia. "Ona."

Ilikuwa mikono yake. Picha kumi na mbili, Ijumaa kumi na mbili, mikono ya shangazi, ya Hamida, ya Naima, na ndoo ya mchanga ikionekana vizuri. Chini ya kila picha: *vifaa vimeshughulikiwa kwa kufuata mwongozo*.

Shangazi alizitazama zote, moja baada ya nyingine. Halafu akanyoosha mkono kwenye dirisha. Kutoka pale juu bonde lote linaonekana, na ule moshi ulikuwa umesimama wima kama mnazi.

"Ule?"

Afisa akatazama. Nina hakika aliuona.

"Mama, mimi nina vituo arobaini na pikipiki moja isiyo na mafuta. Wakubwa wananipima kwa rangi. Kikiwa kijani hawaulizi. Nikiweka nyekundu bila ushahidi ndani ya mfumo, anayeulizwa ni mimi."

"Ushahidi si ule dirishani?"

"Ule hauna sehemu ya kuuweka."

Nilimchukia pale. Kondo ni mwizi, mwizi unamjua. Huyu alikula wali wetu, akachukua maneno yote ya shangazi mpaka ya mchanga wa mtoni, akayatia kwenye kitu ambacho hakina hata sehemu ndogo ya kuandikia "njoo uone". Wamehesabu karatasi walizookoa, wamehesabu kompyuta walizokusanya, wameiita mazingira. Moshi hawakuuhesabu kwa sababu moshi haujipigi picha wenyewe ukajituma.

"Nisajili mie basi," shangazi akasema.

"Kidole, mama."

"Njia nyingine?"

"Mwongozo haujataja." Akainamisha kichwa. Halafu akasema, kwa nia njema nadhani: "Ila usije ukagombana na Kondo. Kituo kikikosa picha Ijumaa mbili, chenyewe kinakuwa chekundu. Lori linakatwa na kibanda kinafungwa. Na mahali pa kituo kwenye ramani ni kwako, si kwake. Picha lazima ipigwe palepale kibandani, ya zamani haipokelewi. Kwa hiyo vumilia, mama, nitaangalia cha kufanya."

Shangazi akamshukuru. Tulirudi kwa miguu.

Ijumaa ikafika. Kondo akaja na kanzu yake. Akawakuta watatu wamekaa kwenye gunia, migongo imenyooka, mikono ndani ya khanga. Hakuna waya, hakuna ndoo. Vyote vilikuwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa kufuli.

"Salaam aleikum. Leo hakuna kazi?"

"Aleikum salaam. Ipo kwako," akasema shangazi. "Kapige picha huko."

Kondo akacheka. Akaona hawacheki. "Shemeji, acha utoto. Toa mikono."

"Mikono ina baridi," akasema Hamida. Jua lilikuwa la kupasua bati.

"Naima, wewe mwanangu, hebu."

Naima, ambaye huwa hajibu mtu, akajifunika khanga mpaka puani.

Hapo Kondo akabadilika. Akamwinamia shangazi, akashusha sauti lakini sote tulisikia. "Unajua kitakachofungwa ni kibanda chako? Unalijua hilo? Mie sipotezi kitu, nina mihogo yangu. Unamwaga ugali wako mwenyewe, Tunu."

"Najua."

"Mie ndiye ninayekusimamia!"

"Simama basi. Mie nimekaa."

Alisimama kweli, watu wa kisimani wamekwishaanza kuweka ndoo chini kusikiliza. Akapiga picha ya gunia na magoti, ile simu haikutoa mlio wa kuipokea. Akaondoka. Ijumaa ya pili akaja na kijana wake mmoja na kipande cha waya, amkalishe pale. Shangazi alimwambia yule kijana, "Hapa ndipo aliposhikwa kifua mume wangu. Kaa ukitaka." Kijana hakukaa.

Jumatatu mfumo ukawa mwekundu. Jumatano afisa Revelian akaja, kwa miguu, na fundi wa rangi na barua. Fundi akachora X kwenye bati. Kabla hawajafunga, shangazi alimshika afisa mkono kama anavyoshikwa mtoto kuvushwa barabara, akashuka naye bondeni. Viatu vyake vilizama kwenye majivu. Alimwonyesha shimo, vioo, kijito, na karatasi za majina ya shule zilizoungua nusu. Vijana wa Kondo walitoroka, Kondo mwenyewe akawa hayupo. Afisa alisimama pale muda mrefu, shati lake jeupe linameza moshi.

"Nimeona, mama."

"Andika."

"Nitaandika."

Na aliandika, nasikia. Kondo amefutwa, asisajiliwe popote. Lakini kwenye mfumo kituo na mmiliki ni kitu kimoja, kwa hiyo kibanda kilifungwa vilevile, na sababu ya kufungwa inajitoa yenyewe, hawaichagui wao: kukiuka mwongozo wa mazingira. Ndiyo hiyo iliyobandikwa.

Lori halikuja tena. Bila mzigo vijana wa Kondo walitawanyika, na tangu mwezi ule bonde halijatoa moshi. Kisimani bado tunachota maji ya kuogea tu, ya kunywa Hamida anayafuata mbali.

Ukoo ulimwita shangazi. Mzee Mfaume, kaka mkubwa wa marehemu, alisema maneno mengi kuhusu riziki na aibu na kuanika mambo ya ndani. Akataka shangazi amwombe radhi Kondo, na Kondo amwombe radhi shangazi, yaishe. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Baba, nawaheshimu. Kondo asinisemee tena. Wala msiniteulie mwingine." Akaaga. Hakuna mwanamke wa upande ule aliyewahi kusema hivyo, na wake zao walikuwa jikoni wanasikia.

Sasa wanafua nguo za watu, yeye na Naima. Hamida anauza samaki. Ndoo za betri ziko chumbani kwetu, kumi na tatu, kwa sababu kuzitoa ni kosa na kuzitupa ni dhambi. Ninalala nazo.

Na kila Jumatatu shangazi anavaa baibui, anakwenda ofisi ya mradi. Afisa Revelian amependekeza kifungu kipya, kwamba asiyesomeka kidole athibitishwe na mwenyekiti wa mtaa na majirani wawili. Pendekezo limepanda juu.

"Likishuka mtaniambia?" shangazi alimuuliza mara ya kwanza.

"Utatumiwa ujumbe, mama."

"Kwenye laini ya nani?"

Laini ni ya kidole cha Kondo. Ndiyo maana anakwenda mwenyewe. Anaingia, shikamoo na marahaba, anauliza, "Limeshuka?" Wanamwambia, "Bado, mama." Anakaa kwenye benchi mpaka wafunge. Mie ningewatukana. Yeye anakaa tu, na nadhani kukaa kwake kunawauma zaidi, maana wahudumu wameanza kupita mlango wa nyuma.

Jumatatu iliyopita alikuwepo mwalimu mmoja kwenye benchi, anaitwa mwalimu Gladness. Shule yao imeletewa vishikwambi vipya, kompyuta za zamani thelathini zimejaa stoo, bati linavuja, na watoto wameanza kuzichokonoa. Afisa alimwambia kwa sasa eneo letu halina kituo.

"Sasa nizipeleke wapi? Mlinzi anasema atanichomea nyuma ya shule."

"Usimruhusu," akasema shangazi.

Mwalimu akageuka.

"Zifunike turubai kwanza. Zile ndogo za kukunja, mtu atoe betri, kama betri imevimba asiiguse na kitu cha ncha. Tafuta ndoo na mchanga wa mtoni. Mchanga, betri, mchanga. Zenye mgongo mkubwa ziweke mbali na watoto, kioo kisipasuke. Waya usikatwe, uzungushe hivi."

Akaonyesha kwa mikono, waya haupo. Mwalimu Gladness alikwishatoa daftari, anaandika mbiombio. Afisa Revelian mezani kwake alikuwa ameacha kubonyeza, anasikiliza, hanyanyui macho.

"Asante sana, mama," akasema mwalimu. "Kwani wewe ni nani hapa, unafanya kitengo gani?"

"Mie? Mie sijasajiliwa."

Mwalimu akacheka, alidhani ni utani. Afisa hakucheka.